Wifi, Ile Sinema ya Rumi Imerudi

Wifi yangu Kolumba,

Tumsifu Yesu Kristo. Jibu lake huko uliko nadhani mnalitoa vizuri kuliko sisi.

Sisi wa huku tunaamka na tunalala, nami nakutajia mmoja mmoja, usije ukasema nimeruka mtu. Mama yako mzazi, mkwe wangu, anakusalimu. Magoti yanamsumbua, lakini mdomo hausumbuki. Kigoda chako anakikalia yeye, na mtu mwingine akikigusa anamfukuza kwa fimbo. Kaka yako anakusalimu. Kahawa imechanua vizuri mwaka huu, ila mvua ya mawe ilitupigia maua upande wote wa bondeni, na siku ile hakula. Fridolin yuko darasa la tano, anakusalimu, anasema atakuwa dereva. Agata anakusalimu, ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anacheka mdomo wazi. Titus uliyemwacha anatambaa sasa anakimbiza kuku, na kukusalimu hajui lakini mimi namsalimia kwa niaba yake. Jirani yetu Mama Ditram anakusalimu sana, na kasema nikuandikie hivi hivi: ule ungo wake ulioutoboa hajausamehe. Bwana Katibu wa kijiji, yule wa Tanga, bado hajahamishwa. Kila Ijumaa akirudi kuswali anapita kaburini kwako, anasimama kidogo, anakwenda zake. Mbuzi wako alizaa mapacha. Mmoja tulimla Pasaka.

Somo yako, binti yangu mkubwa, nimemweka mwisho makusudi. Yeye hakusalimu, kwa sababu hajui kama nakuandikia.

Hii ni barua yangu ya kwanza kuandika peke yangu, wifi. Zote zile nilizokuletea ulipokuwa umeolewa Lundo, aliziandika yeye. Mimi nasema, yeye anaandika, na mimi sikujua kama anaandika ninayosema. Wewe ndiye uliyenivuta kwenda kisomo cha watu wazima, nikakataa, nikasema wenye watoto hawana mchana. Ulipokufa nikaenda. Mwalimu anasema herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini zinasomeka. Basi vumilia. Neno lenyewe haliwezi kupita mkononi kwa mtoto, kwa sababu linamhusu yeye.

Kaka yako kasema neno hili ni la shangazi. Barua imekuja kutoka wilayani, kijiji chetu kitoe msichana mmoja aende Songea, miezi sita, akafundishwe kuwa mwalimu wa mgambo wa akina mama. Bwana Katibu akaandika jina la Kolumba mdogo bila hata kutuuliza, kama vile hakuna mwingine. Na kweli hakuna mwingine. Lori linapita Jumamosi. Leo ni Alhamisi. Kaka yako akashika kichwa akasema, "Msichana wetu hatoki kwenda mbali bila shangazi yake kusema. Dada hayupo. Sasa nani aseme?" Akanitazama. Mimi nikatazama chungu.

Ndiyo maana nakuandikia. Lakini kabla sijakuuliza kitu inabidi nikwambie kitu.

Wifi, mimi nilikuwa nakuonea wivu. Siyo kidogo. Wewe ulikuwa unajua, maana ulikuwa unacheka. Nilimzaa mimi, siku mbili nahangaika, na alipotoka mkamwita jina lako. Tangu siku ile hata mimi naitwa Mama Kolumba. Mtu akiniita njiani, ni wewe anayekuita. Mtoto alipoanza kutembea alitembea kwenda kwako. Nikimsuka analia, wewe ukimsuka analala. Akiugua nakesha naye mimi, asubuhi akifumbua macho, "Shangazi yuko wapi?" Ulipoolewa huko ziwani nikasema, Mungu mwema, sasa nitapumua. Ukafiwa na mume, ukarudi na vikapu viwili vya usipa, dagaa wakavu wa huko, na kile kicheko chako, na mtoto akahamia kwenye nyumba yako siku ile ile na mkeka wake kichwani. Nilikupokea vizuri. Nilikupikia. Lakini moyoni nilisema, kwa nini asibaki huko.

Sasa tuje kwenye sinema.

Unakumbuka siku ya kwanza ilipokuja? Mwaka ule tuliohamia huku kijijini kwenye nyumba za mstari. Bwana Katibu alitangaza kwa kipaza sauti kwamba Jumapili mchana ghala la kahawa litakuwa na sinema ya Rumi ya zamani. Akasema hivyo tu, Rumi ya zamani. Katekista wetu, Mwalimu Otmar, naye baada ya ibada akasimama akasema waamini wote tusikose, tutaona mji wa Baba Mtakatifu, na pengine Mitume Petro na Paulo. Basi sisi na akili zetu tukavaa nguo za Noeli. Mama mkwe alichukua rosari mbili, moja ya akiba. Madirisha ya ghala yamezibwa magunia, ndani giza na harufu ya kahawa, akina mama wa Kanisa tumekaa mbele kabisa, na mashine ilipoanza kunguruma na mwanga kupiga kwenye shuka, nusu yetu tukapiga magoti.

Halafu wakatokea wale wanawake.

Miguu wazi, mabega wazi, mapanga mkononi, wanafukuzana na askari msituni! Mama mkwe akafumba macho akauliza kwa sauti, "Hao ndio ndugu zake Baba Mtakatifu?" Ghala zima likacheka. Mwalimu Otmar akasimama mbele ya shuka na kofia yake ili azibe, wakamzomea, "Keti, katekista, kichwa chako siyo Rumi!" Akaketi. Na wifi, yeye ndiye hakutoka mpaka mwisho.

Mwenye gari la sinema alikuwa anatufasiria, na mimi mpaka leo siamini kama lugha ile aliijua. "Sasa huyu bwana mkubwa anamwambia, wewe mwanamke, kuanzia leo ni mtumwa wangu. Na mwanamke anamjibu, mtumwa mama yako." Tukapiga vigelegele. Ilikuwa hadithi ya kueleweka tu, wanawake wamekamatwa kijijini kwao, wanapelekwa Rumi kupigana wao kwa wao ili matajiri wachekee, nao wanakubaliana chini chini wasiuane, wageuze mapanga kwa wenye mali. Lakini jamani, umaskini wa sinema ile! Wewe ndiye uliyeona yote. "Wifi, hesabu askari. Ni wale wale sita! Tazama yule mwenye kitambi, ameuawa mara tatu na bado yupo." Mlima wa nyuma ulikuwa nguo, upepo ukipita mlima unatikisika. Farasi mwenye mguu mweupe alipandwa na maadui, halafu akapandwa na wenzetu. Panga la kiongozi lilipinda kama jani la mgomba akalinyoosha na goti. Na yule mmoja alivaa saa! Saa ya mkono, Rumi ya zamani. Ulicheka mpaka ukaniegemea, na mimi nikacheka, na kwa muda ule, sikufichi, nilikupenda.

Halafu nikageuka nimtazame mtoto. Alikuwa amekaa upande wako wa pili, hacheki. Ameshika mkono wako kwa mikono yake miwili. Anamtazama yule kiongozi, mrefu, mwenye mwanya, akasema, "Shangazi, ni wewe yule."

Nikasema, nijaribu na mimi. Nikamuuliza kwa mzaha, "Na mimi je, mama? Mimi ni yupi?"

Akafikiri kweli kweli. Akasema, "Wewe ni yule anayewaletea maji."

Hakusema kwa ubaya, najua. Alikuwepo mwanamke mmoja na mtungi, anapita nyuma ya wapiganaji, anawapa maji, anaondoka. Hana hata jina. Wewe ukacheka, "Wifi, bila maji nani apigane?" Lakini ulikuwa umekwishapewa upanga, wewe maneno hayo yalikuwa rahisi kwako.

Na mwisho wa sinema unaukumbuka. Kiongozi kachomwa mkuki, amelala mchangani, anafumba macho na bado kifua kinapanda na kushuka, tukapiga kelele, "Anapumua huyo!" Anamwita yule binti mdogo, binti anakuja mbio, anamshika kichwa, anapewa upanga. Siku ile tulipotoka nje macho yakituuma kwa jua ulisema mbele yetu wote, "Mimi nikifa nataka hivyo hivyo. Somo yangu anishike kichwa." Mimi nilisikia. Nataka ujue kwamba nilisikia.

Yaliyofuata uliyafanya wewe mwenyewe. Wiki ile ile ukaenda kwa Bwana Katibu, ukasema kama wanawake wa Rumi waliweza na saa mkononi, sisi tunashindwa nini. Wakati ule vita vya wenzetu ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa bado vinapiganwa, ndege zinasikika, na mgambo ilikuwa ya wanaume. Akakupa filimbi. Ukatutoa shambani akina mama kumi na mbili, bunduki za miti, kushoto kulia, kushoto kulia, na mtoto wangu mbele. Mkakuta mistari ya mashimo yetu ya ngolo pale mteremkoni, yale tunayopanga nyasi na kufukia udongo, ukasema, "Hapa kila mtu shimo lake, piga kifua chini!" Maharage yangu yakalala. Nilikusema siku ile mpaka koo likakauka, na somo yako akaninunia siku tatu.

Na Sabasaba tukashuka ziwani, kuwaonyesha watu wa Lundo na Kihagara. Ngao zenu nyungo. Nyungo za kupepetea, wifi, mlizokopa nyumba kwa nyumba! Wanawake wa ziwani wakashika viuno, "Wamatengo hawa wamekuja kupigana au kupepeta?" Ukapuliza filimbi, wote kumi na mbili mkaunganisha nyungo juu ya vichwa kama paa la nyumba, kama ilivyokuwa kwenye sinema, vijana wakawatupia mawe kwa kujaribu, nayo yakadunda. Ni moja tu lililopita, ungo wa Mama Ditram. Mchanga wote ukapiga makofi. Mimi nilikuwa pembeni na ndoo na kata. Ndiyo. Nilikuwa nawagawia maji. Mtoto alikuja akanywa, akanirudishia kata bila kunitazama, macho yako yote kwako.

Nimesema macho yako. Macho yake. Mkono unakwenda wenyewe, nisamehe, sitafuta, karatasi ni chache.

Sasa wifi, kaa vizuri.

Siku ile tumbo lilipokukaza, wanaume walikuwa upande wa pili wa mlima kuchimba barabara. Mama mkwe akasema tungoje, machela ya mgonjwa hubebwa na wanaume. Ni somo yako aliyekataa. Akafunga blanketi kwenye miti miwili, akapuliza filimbi yako, na kabla hujamaliza kuugulia wanawake wako wa mgambo walikuwa wamefika. Tukakubeba wanawake. Wewe hukuona sura za watu njiani, kila tulipopita watu walisimama na majembe yao. Mvua ilikuwa ya manyunyu, udongo utelezi, na tulikwenda kwa hesabu ile ile tuliyokuwa tunakuchekea, kushoto kulia, kushoto kulia, na machela haikuyumba. Mimi nilikuwa miguuni kwako. Somo yako alikuwa upande wako wa kichwa.

Tulipomaliza mteremko wa pili nikasema, "Kolumba, wewe mwenye miguu myepesi, tangulia hospitalini ukawaambie waandae kitanda. Mama Selina atashika nafasi yako." Akakuvika filimbi yako shingoni akakimbia. Watu wote wakaona nimesema neno la busara. Na lilikuwa la busara. Lakini siyo kwa sababu hiyo nililisema. Nilikuwa nimekuona uso, nikajua hufiki. Na nilikumbuka neno lako la ghalani.

Hajafika kona ulifumbua macho. Ukasema, "Somo yuko wapi? Niitie somo."

Wenzetu walikuwa wanahesabu kwa sauti, hakuna aliyesikia ila mimi niliyekuwa nakutazama mdomo. Na mtoto nilikuwa namwona, wifi. Kile kitambaa chake chekundu kilikuwa bado hakijapita migomba ya mwisho. Sauti yangu unaijua, namwita mtu kutoka bondeni anaitika ng'ambo. Ningeita mara moja tu angegeuka.

Sikuita. Nikakwambia, "Amebaki nyumbani."

Ulinitazama. Sijui kama uliamini. Ukaomba tukuweke chini, tukakuweka karibu na mto, wenzetu wakashuka kukuchotea maji, nikaja kichwani kwako, nikakishika mimi. Ukavua filimbi, ukaiweka kiganjani kwangu, ukasema, "Mpe." Hukutaja jina, hapakuwa na haja. Na mpaka unakata roho ulikuwa unageuza macho kutafuta njia ya nyumbani, kule nilikokudanganya yuko, wakati yeye alikuwa mbele.

Nilipata nilichokitaka. Mimi ndiye niliyekushika.

Alirudi mbio na mtu wa hospitali, akakuta tumekufunika. Hakulia. Akaniuliza neno moja, "Aliniita?" Nikasema, "Hakuwa na fahamu, mwanangu." Akauliza filimbi. Nikasema labda imeanguka mtoni. Alikwenda kule mtoni kuitafuta, wifi. Jumapili tatu mfululizo, anapapasa mawe. Na mimi ninayo. Nimeitia kwenye kibuyu cha mbegu za maharage, na kila msimu wa kupanda naitoa, naifuta, nairudisha. Siku ya kumaliza matanga, walipogawa vitu vyako, yeye kama somo akapewa jembe na kanga na mkeka. Akashukuru watu. Mimi nikawa natazama kibuyu.

Nikadhani basi. Nikasema, sasa atarudi kwangu. Na alirudi, mwili ulirudi. Analala kwangu, ananisaidia, "Ndiyo mama, sawa mama." Mstari wa wanawake wako aliuongoza kidogo halafu akauacha. Na mimi nikawa na wivu vile vile. Mtu amekufa na bado namwonea wivu! Nikimwona amekaa kaburini kwako anang'oa majani, nasema, kwangu hajawahi kukaa hivyo.

Jumapili iliyopita gari la sinema likarudi. Sinema ile ile. Safari hii kila mtu alijua siyo ya Mtume Petro, na ghala likajaa mpaka watu wakakaa juu ya mizani. Mwalimu Otmar alikuwa wa kwanza kufika. Somo yako hakutaka, nikambembeleza, nikasema twende tumkumbuke shangazi. Nilitaka akae karibu yangu safari hii, na nimshike mkono mimi. Basi. Ndiyo ilikuwa nia yangu.

Wewe hukuwepo wa kuhesabu askari, nikahesabu mimi. Ni saba, wifi. Tulikosea mmoja, anashika taa. Na safari hii nilikuwa namtazama yule wa mtungi. Kwa vile sinema ilikuwa maskini, yule mama amefanyishwa kazi zote. Ndiye muuza matunda sokoni. Ndiye mjane anayelia mlangoni. Amelala kati ya maiti, na baadaye anapita tena na mtungi wake. Nikacheka peke yangu, nikasema, kweli ni mimi huyu.

Ikafika pale kiongozi anaanguka. Anamwita binti. Na yule mama wa mtungi amesimama nyuma, anawatazama, na anasogea pembeni ampishe binti apite. Hatua moja tu. Mara ya kwanza sikuiona hatua ile. Sidhani kama kuna mtu mwingine ghalani aliyeiona.

Mkono wa mtoto ukachomoka mkononi mwangu. Akatoka nje. Nikamfuata, nikamkuta amejiegemeza ukutani, jua lote usoni, analia kile kilio ambacho hakulia siku ile. Akasema, "Mama, mimi Songea siendi. Wampeleke mwingine."

Nikamuuliza kwa nini.

Akasema, "Shangazi hakuniita. Alisema mbele ya watu nimshike kichwa, na hakuniita, hata jina langu hakutaja. Filimbi akaitupa mtoni kuliko kuniachia. Aliona sifai. Sasa nikafundishe watu nini?"

Wifi, nikwambie ukweli wote maana nimeshaanza. Nilifurahi. Mtoto analia mbele yangu na kitu ndani yangu kikaruka kwa furaha, kikasema, haendi Songea, anabaki kwangu, na safari hii wewe ndiye uliyeachwa. Nikamkumbatia. Akaniegemea kwa uzito wake wote, tangu akiwa mdogo hajaniegemea hivyo. Nikasema, "Basi, mwanangu, nyamaza, tutakaa wote." Nikampikia ugali na samaki mbasa aliyeletwa kutoka ziwani. Akala. Mtoto akala chakula changu akanishukuru, na nilipomtazama anavyokula nikaona mtu ambaye hakuna aliyemwita.

Tangu siku ile silali. Nikinyamaza, anabaki. Ataolewa hapa hapa, nitamshikia watoto wake, na maisha yake yote atajua kwamba mtu aliyempenda kuliko wote alimwona hafai. Nikisema, anapanda lori Jumamosi, na ananiacha akijua mimi ni nani. Pengine hataniandikia. Na akiandika, nitasoma mwenyewe sasa, hakuna wa kunipunguzia maneno.

Nilikuja kukuuliza nifanye nini, wewe shangazi mwenye neno. Lakini nimeandika mpaka hapa, na naona ulishajibu siku ile kwenye machela. Ulisema "niitie" na ulisema "mpe". Mimi ndiye niliyekaa na jibu lako kwenye kibuyu.

Basi nakuahidi hivi, na Mungu anasikia. Leo akirudi kisimani namketisha kwenye kigoda chako, hata mama mkwe akipiga kelele. Nampa filimbi. Namwambia ulimwita, kwamba neno lako la mwisho lilikuwa la kwake, na kwamba nilimwona njiani sikumwita. Sitasema utelezi, sitasema mvua. Jumamosi nitambebea kisanduku mpaka barabarani, kama atakubali nikibebe. Kama hatakubali nitatembea nyuma.

Ila wivu, wifi, sikuahidi kwamba umekwisha. Nakuonea hata sasa ninavyoandika. Nitakapomwambia atalia kwa ajili yako na kunikasirikia mimi, na wewe umelala huko umepumzika, hujafanya kosa lolote. Ombea hilo.

Kwaheri, Kolumba. Nilikupenda siku ile ya saa na farasi, na siku nyingine pia, zaidi ya ulivyojua, maana sikukuonyesha. Barua hii naizika chini ya jiwe la kichwani kwako, mbuzi wasiifikie.

Ni mimi wifi yako, Anastasia.

Filimbi iko hapa mezani, nimeiosha na majivu. Kama kuna namna nyingine, kama unaona mtoto anaweza kuambiwa nusu tu na nusu nikabaki nayo mimi, basi niletee neno, hata kwa ndoto ya mchana, hata kwa mama yako mzazi. Lakini leta upesi, wifi, usikawie. Namsikia anapandisha kutoka kisimani, ameshafika kwenye migomba, na ndoo bado iko kichwani.